Unga Niliomsifia Mama Nyambura

Siku mliponiaga pale idarani mliniomba niseme machache. Nikasema mengi, mkapiga makofi, na mmoja wenu akafuta macho. Nilipofika nyumbani, mtaa wa West Indies hapa Eldoret, nikavua tai, nikaketi, ndipo nikagundua kwamba katika maneno yote yale hapakuwa na hata moja la kumsaidia mtu kufanya kazi yetu. Nilitaja uvumilivu. Nilitaja nidhamu. Nadhani nilitaja na uzalendo pia, ingawa sijui uzalendo ulikuwa unatafuta nini katika chumba cha fiziotherapi.

Basi haya ndiyo niliyopaswa kuyasema. Vyeo sitavigusa, mnavijua, na havikuwa vingi. Nitawaeleza siku yangu ya kwanza, mwanamke aliyenifundisha kazi, na mgonjwa mmoja wa Turbo ambaye misuli yake ilikuwa ikiyeyuka, nami nikaitafuta sababu kila mahali isipokuwa pale ilipokuwa.

Nilifika Eldoret asubuhi ya mwezi wa saba, nikitoka chuoni, kijana wa Siaya aliyezoea joto la ziwa. Nilivaa shati jeupe la mikono mifupi kwa sababu niliamini mtaalamu wa mazoezi anafaa kuonyesha mikono. Kufikia saa nne mikono yenyewe ilikuwa na rangi ya jivu. Mkuu wa idara, Madam Rhoda Jepkosgei, alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa sweta mbili chini ya koti lake. Alinitazama toka kichwani hadi viatuni.

"Wewe ndiye mtaalamu tumeletewa?"

"Ndiyo, Madam."

"Kuna sweta nyuma ya mlango. Vaa. Mgonjwa hawezi kushikwa na mtu anatetemeka."

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mkulima wa Chepsaita, mtu mzito kweli, aliyevunjika paja kwa kuanguka kutoka kwenye trela la mahindi. Madam Rhoda aliniagiza nimsubiri mhudumu, tumhamishe mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti tukiwa wawili. Kisha akatoka. Nilimtazama yule mkulima, nikaitazama mikono yangu, nikakumbuka kwamba darasani nilikuwa wa tatu. Nikambeba peke yangu. Yeye alifika kitini salama. Mgongo wangu haukufika. Kitu kilisema "tak" chini ya mkanda, nikabaki nimeinama hapo, siwezi kwenda mbele wala nyuma, na Madam Rhoda aliporudi alimkuta mgonjwa akinipapasa bega na kuniambia, "Pole, daktari. Pumua tu."

"Kazi nzuri," Madam Rhoda akasema. "Asubuhi nilikuwa na mgonjwa mmoja hapa. Sasa niko na wawili."

Mgongo huo haukupona sawasawa tena. Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwafundisha watu wa Uasin Gishu namna ya kuinua mizigo, nikiwa nimejishikilia kiuno.

Wiki ya pili Madam Rhoda alinipa tepu ya fundi cherehani akaniambia hiyo ndiyo mashine kubwa kuliko zote nitakazowahi kushika. Alinionyesha namna ya kupima paja: unaanzia ukingo wa juu wa kifuniko cha goti, unahesabu sentimita zako, unaweka alama kwa kalamu, unazungusha tepu. Kesho unarudi palepale kwenye alama. Mimi sikuona haja ya alama. Nilikuwa na jicho. Baada ya wiki moja niliandika kwenye faili, kwa furaha kubwa, kwamba paja la mgonjwa limeongezeka sentimita sita. Madam Rhoda alisoma, akavua miwani.

"Huyu tusimruhusu aende nyumbani," akasema. "Tumpeleke maonyesho ya kilimo."

Huyo ndiye aliyenifundisha kwamba misuli haipungui bure. Alisema kuna kinachoifukuza, na kazi yetu ni kukitafuta kabla ya kumwambia mtu ainue mguu mara kumi. Pengine mguu umekaa kwenye plasta miezi miwili. Pengine mshipa wa fahamu umebanwa, na hapo upande mmoja utapungua na mwingine ubaki. Pengine ni njaa tu, na mgonjwa anaona haya kusema. Kuna kifua kikuu, kuna virusi, kuna sukari, kuna tezi la shingo linalomkondesha mtu huku anakula vizuri. Kuna uzee. Kuna dawa zinazokula misuli huku zikitibu kitu kingine. Niliyaandika yote hayo kwenye daftari. Daftari nililipoteza mwaka wa tatu.

Madam Rhoda alistaafu, akaenda kufuga ng'ombe wake. Waliokuwa mbele yangu wakahama mmoja mmoja, na asubuhi moja nikajikuta ndimi mkuu wa idara kwa sababu tu nilikuwa sijaondoka. Kufikia wakati huo nilikuwa nimevuka hamsini, na mgongo ulikuwa umeacha kuuma siku za baridi peke yake. Uliuma kila siku. Mke wangu, Mama Akinyi, ndiye aliyekuwa akinivalisha soksi. Nilijipangia mazoezi, yaleyale ninayowapa wagonjwa, na nikayafanya jinsi wagonjwa wanavyoyafanya: siku mbili.

Kila Jumanne nilikuwa na kliniki kituo cha afya cha Turbo. Siku moja nikitoka kula nilimkuta mchuuzi mgeni sokoni, amevaa koti jeupe kuliko langu, na mbele yake vikopo vya plastiki visivyo na karatasi yoyote. Akaniona ninavyotembea.

"Mzee, hiyo ni mgongo ya kazi ama ya uzee?"

"Ya kazi," nikajibu, nikijivuna.

"Hii ni mizizi tupu. Haina kemikali. Kijiko moja kwa chai, kila asubuhi."

Mimi, mtu aliyewaambia wagonjwa kwa miaka yote hiyo wasimeze kitu wasichojua kimetengenezwa na nini, nilinunua vikopo viwili. Nilijiambia ni utafiti.

Siku ya tatu niliamka nikageuka kitandani bila kupiga kelele. Wiki ya pili nilibeba mtungi wa gesi hadi ghorofa ya tatu. Nikavaa soksi zangu mwenyewe, nimesimama kwa mguu mmoja, makusudi, mbele ya Mama Akinyi. Unga wenyewe niliuficha ofisini, ndani ya kopo la kahawa, droo ya chini kabisa. Nyumbani ningeulizwa.

Mama Nyambura alikuwa mgonjwa wangu wa Jumanne. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kidogo, aliyekuja Turbo kutoka Nyeri akiwa bibi harusi, na duka lake la mbegu, mbolea na misumari lilijulikana na kila mkulima wa pande zile. Shida yake ilikuwa magoti. Nilimpa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja ili igawane kazi na goti, mazoezi mazuri, na sitayadharau kwa sababu ya yaliyofuata.

"Daktari, hii magoti haisikii maneno yako," akaniambia siku moja.

"Unafanya mazoezi?"

"Nafanya."

"Mara ngapi?"

"Ile siku ulinionyesha." Halafu akanikazia macho. "Na wewe? Mwezi wa tano ulikuwa ukitembea kama mtu ameangusha sindano. Saa hii unaruka kama ndama. Usinifiche, nimekuona."

Hapo ndipo palikuwa pa kukohoa na kubadilisha mazungumzo. Badala yake nilichungulia korido, nikafunga mlango, na nikamweleza yote: mchuuzi anakokaa, rangi ya kikopo, kijiko kimoja kwa chai. Nilimweleza kwa furaha ya mtu anayempa jirani mbegu nzuri ya mahindi. Nikaongeza kwamba ni siri yetu.

Magoti yakapoa. Akaacha kuja kliniki, nami nikamwandika kwenye faili kuwa amepata nafuu kwa mazoezi. Nisameheni kwa hili zaidi ya yote: wanafunzi walipokuja idarani mwaka ule, nilimtumia Mama Nyambura kama mfano. Niliwachorea goti ubaoni. Niliwaambia, "Mnaona kazi ya misuli ya paja?" Wakaandika.

Miezi tisa baadaye aliletwa na binti yake, Wambui, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke asiyecheka ovyo. Nilipomwona Mama Nyambura mlangoni nilidhani amenona. Uso ulikuwa umekuwa wa duara, mashavu yameng'aa, na tumbo limetangulia. Kisha akataka kuinuka kutoka kwenye benchi. Aliweka mikono magotini, akaipandisha kwenye mapaja hatua kwa hatua kana kwamba anapanda ngazi ya mwili wake mwenyewe, na hata hivyo Wambui ilibidi amshike kwapani.

"Haiumi," Mama Nyambura akasema. "Hiyo ndiyo inanishangaza. Haiumi hata kidogo. Miguu imeisha tu."

Nikatoa tepu. Safari hii niliweka alama. Mapaja yote mawili yalikuwa yamepungua sawasawa, na ukilinganisha na vipimo vya faili la zamani, yalikuwa yamepungua sana. Mabega pia yalikuwa yamelegea. Kuchana nywele kulimshinda. Lakini nilipogonga magoti kwa nyundo ndogo ya mpira, miguu iliruka vizuri. Nilipomgusa nyayo, alisikia. Kwa hiyo mishipa ya fahamu haikuwa na neno. Mikononi alikuwa na mabaka ya damu chini ya ngozi, na alisema hakumbuki kujigonga mahali.

Nikasema mambo ya kitaalamu. Nikaandika barua kwa wenzangu wa kliniki ya kawaida wapime damu. Walipomwomba kipimo cha virusi aliwauliza kama wanajua amekuwa mjane kwa miaka mingapi; kikarudi safi. Kifua kikuu hakikuwepo. Tezi lilikuwa sawa. Sukari ilikuwa imepanda kidogo, tukailaumu sukari. Eksirei ya mgongo ilionyesha mgongo wa mtu wa umri wake, na ulikuwa mzuri kuliko wangu.

"Unatumia dawa yoyote?" nilimwuliza. Niliuliza, ndiyo. Swali lipo kwenye faili kwa mwandiko wangu.

"Hakuna," akasema.

Nami nikaandika: hakuna. Kwake yeye dawa ni kitu cha hospitali, cha vidonge. Ule ulikuwa unga wa chai, alioambiwa na daktari wake. Na kwangu mimi, ambaye nilikuwa nimekunywa kijiko changu asubuhi ileile, wazo halikupita hata kwa mbali. Mnaniuliza inawezekanaje? Inawezekana kabisa. Nilikuwa nimeupenda ule unga.

Nikampa mazoezi makali zaidi. Miezi miwili alikuja kila Jumanne, nami nilimsukuma ainuke kitini, aketi, ainuke, na kila wiki tepu ilizunguka paja na kubaki na mkia mrefu zaidi. Turbo watu walianza kunong'ona. Wengine walisema ni ule ugonjwa, tumefichwa. Wengine walisema mtu amemfanyia kitu kwa sababu ya duka. Siku moja alianguka kwenye ngazi ya mlango wa stoo na akalala hapo kati ya magunia ya mbolea mpaka mteja akaingia. Wambui akaniambia wanafikiria kulifunga duka, mama ahamie kwake.

"Daktari, niambie ukweli," akasema. "Mama anakufa?"

"Tunaendelea kuchunguza," nikamjibu, huku shavu langu la duara likitikisika kwa busara.

Maana na mimi nilikuwa nimenona, na kila mtu alinipongeza. Mlinzi wa lango aliniita Mheshimiwa. Nilipoanza kushika reli nikipanda ngazi za nyumbani, niliona ni hadhi.

Jumapili moja kanisani tulipiga magoti kwa maombi. Yalikuwa maombi marefu. Mchungaji aliposema amina watu wote wakainuka, na mimi nikabaki chini. Nilijaribu mara ya kwanza. Nilijaribu mara ya pili. Hapakuwa na maumivu yoyote. Ni kama nilikuwa nimetuma agizo na hakuna aliyelipokea. Wimbo ukaimbwa. Matangazo yakasomwa. Mama mmoja wa nyuma yangu alianza kulia taratibu na kusema, "Asante, Bwana, kwa roho ya toba," na shemasi akaja akasimama karibu nami kwa heshima, akingoja nimalize na Mungu. Mama Akinyi akaniinamia.

"Umelala?"

"Siwezi kuinuka."

"Jisukume."

Nikaweka mikono magotini, nikaipandisha kwenye mapaja, hatua kwa hatua. Nikiwa katikati, nusu nimesimama nusu nimeinama, nikakumbuka nilivyoandika Jumanne iliyopita kwenye faili: *mgonjwa huinuka kwa kupanda mapaja yake kwa mikono*.

Nyumbani nilijifungia chumbani na tepu. Baadaye nikajitazama kwenye kioo, nikaona uso wa Mama Nyambura wenye masharubu. Watu wawili, mji huu na ule, makabila mawili, mume wa mtu na mjane, mapaja yanayeyuka kwa namna moja. Tulikuwa na kitu kimoja tu cha pamoja, na mimi ndiye niliyekigawa.

Ningefanya nini? Leo najua: ningekwenda moja kwa moja kwa daktari nikiwa na kikopo mkononi. Nilichofanya ni kuamka mapema Jumatatu, kumwaga unga wangu kwenye sinki la ofisi, kusuuza kopo la kahawa mara tatu, na kumpigia simu Mama Nyambura.

"Mama, ile unga ya chai. Wacha leo. Tupa yote."

"Kwa nini, daktari?"

"Nimesikia si nzuri."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Sawa," akasema. "Wewe ndiye unajua."

Nilikata simu nikijihisi nimeokoa maisha, na kwamba, kwa bahati nzuri, hakuna haja ya mtu mwingine kujua. Kufikia Jumatano nilikuwa natapika. Viungo vyote viliuma, kichwa kilizunguka nikisimama, na hata uji sikuutaka. Nikajitibu malaria bila kupima; kama mngefanya hivyo ninyi ningewaita ofisini. Alhamisi asubuhi nilijikokota kazini, na saa tatu Wambui akapiga simu. Mama amezimia dukani. Wako njiani, kwa gari la jirani.

Nilipofika chumba cha dharura nilikuwa naushikilia ukuta. Mama Nyambura alikuwa kitandani, macho nusu wazi, midomo imekauka. Daktari wa zamu alikuwa Daktari Jerop, mwanamke kijana aliyekuwa ameripoti kwetu mwaka ule, mwepesi wa mikono na mfupi wa maneno.

"Presha iko chini sana," alikuwa anasema. "Sukari nayo imeshuka. Tangu lini anatapika?"

"Jana," Wambui akajibu.

"Kuna dawa anatumia? Au ameacha hivi karibuni?"

"Hakuna. Mama hapendi dawa, hata ya kichwa."

Daktari Jerop alitikisa kichwa. Alikuwa ameshafungulia dripu, lakini nilimwona anavyomtazama mgonjwa, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Ningeweza kumvuta pembeni, nikamnong'oneza. Nililifikiria hilo, na naliandika hapa msije mkadhani sikulifikiria. Niliitazama nafasi kati ya kitanda na pazia, nikapima kama tungetosha wawili tusisikike. Kisha Mama Nyambura akaninyoshea kidole kimoja, bila kuinua mkono, na kusema kwa sauti ndogo sana, "Hakikisha Wambui amefunga duka." Hakuwa ananisema. Alikuwa anawaza duka.

"Anatumia unga," nikasema kwa nguvu. "Unga wa kahawia, kwenye chai. Karibu mwaka sasa. Nilimwambia aache Jumatatu."

Daktari Jerop akageuka. "Unga gani? Nani alimpa?"

"Aliununua sokoni Turbo. Mimi ndiye niliyemtuma. Mimi pia nilikuwa nautumia. Nimeuacha siku hiyohiyo."

Daktari Jerop alinitazama uso, kisha miguu, kisha akamtazama mgonjwa, na nikaona mambo yote yakijipanga machoni mwake, katika sekunde chache, yale yaliyonishinda kwa miezi. Akaita dawa ya sindano, haidrokotisoni, ikaingizwa papo hapo. Kisha akanivutia kiti.

"Keti kabla hujaanguka," akasema. "Mtu ameponda vidonge vya steroidi akavichanganya na hiyo mizizi. Vinaondoa maumivu vizuri sana. Vinakula misuli ya mapaja na mabega, vinajaza uso, vinapandisha sukari, vinaharibu ngozi. Na ukivitumia muda mrefu mwili unasahau kutengeneza steroidi yake yenyewe. Ukiviacha ghafla unabaki bila kitu." Akanipima mapigo kwenye kifundo cha mkono. "Fizio, mambo haya huyajui?"

"Niliyaandika kwenye daftari," nikasema.

Tulilazwa siku hiyohiyo, wote wawili. Mama Nyambura aliketi kitandani kesho yake, akaomba chai, akaionja, na kusema kwamba hii ya hospitali haina kitu ndani. Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye. Wambui aliingia wodi ya wanaume jioni, akasimama miguuni pa kitanda changu.

"Majirani walimwambia mama aende kwa waganga," akasema. "Akakataa. Alisema yeye ana daktari wake, na huyo hawezi kumdanganya." Akageuka akaondoka, na kwa muda mrefu huo ndio ulikuwa mwisho wa salamu zetu.

Niliandika taarifa kwa msimamizi wa hospitali, kila kitu, pamoja na sinki na lile kopo la kahawa. Nilijibiwa kwa barua ya onyo iliyokuwa ndefu kuliko barua ya kuniajiri, na iliyoandikwa vizuri zaidi. Nilikwenda Turbo na maafisa wa afya ya umma kumtafuta mchuuzi. Mezani pake palikuwa na mtu anayeuza viatu vya mitumba, ambaye hakujua lolote na alijaribu kuniuzia jozi moja. Vikopo alivyobakisha Mama Nyambura vilichukuliwa kupimwa. Unga ulikuwa vile alivyosema Daktari Jerop.

Kuacha kwenyewe kulichukua miezi. Daktari Jerop alitupa vidonge vya kweli, vilivyopimwa, akavipunguza kipande kwa kipande huku akitupima damu. Misuli inarudi, lakini inarudi kwa mwendo wake, na mgongo wangu na magoti yake yalirudi kwanza, yakiwa na hasira ya kufungiwa.

Jumanne ya kwanza niliporuhusiwa kurudi kliniki sikumtarajia. Alikuja, na bakora, na binti yake akabaki nje.

"Mama," nikaanza, "nimekuja kukuomba—" Nilikuwa nimejitayarisha. Nilikuwa na maneno mengi, kama yale ya siku mliyoniaga.

"Wewe hujakuja. Ni mimi nimekuja," akasema. "Na sijakusamehe bado. Nimekuja mazoezi. Toa kiti."

Nikatoa kiti. Tukaanza na kiti kirefu, kisha kile cha kati. Kwa kuwa na mimi niliyahitaji mazoezi yaleyale, aliniamuru niweke kiti changu mbele ya chake, na kila alipoinuka mara moja niinuke mara moja. Wiki za mwanzo alinishinda. Wiki zilizofuata aliendelea kunishinda. Alihesabu kwa sauti, kwa Kikuyu, na nikidanganya hesabu alirudi kwenye moja. Baada ya miezi sita aliinuka mara kumi mikono ikiwa kifuani, mimi nikaishia ya saba, na akaniambia kwamba pengine ninahitaji kumwona mtaalamu. Duka halikufungwa. Magoti yanamuuma hadi leo, naye anayachua kwa kitambaa cha maji moto, na mazoezi anafanya zaidi ya ile siku niliyomwonyesha.

Suala la msamaha sikumwuliza tena. Nadhani kuna wiki msamaha ulikuwa umefika na wiki nyingine umerudi.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, Jumanne, nilimwona Wambui kwenye benchi la wagonjwa pale Turbo. Nilidhani amemleta mama. Alikuwa peke yake, ameshika bega la kulia. Kuandika ubaoni kulikuwa kumemshinda tangu muhula uanze. Kulikuwa na mwenzenu chumba cha pili, kijana hodari, nikamwambia anaweza kumwona yeye.

"Nimekuja kwako," akasema.

Akaingia, akaketi, akaweka mkoba mapajani. Nikavuta faili jipya na kalamu.

"Ngoja," akasema. "Kabla hujaniuliza kitu. Wewe mwenyewe, siku hizi unameza nini?"

Nilitoa kila kilichokuwa mifukoni nikakipanga mezani mbele yake: bahasha ya hospitali yenye vidonge vyangu vya presha, jina na kipimo vikiwa juu yake, ufunguo wa nyumba, leso, na peremende mbili. Alisoma bahasha, mbele na nyuma, bila haraka, kama anasahihisha insha. Alifungua akahesabu vidonge. Kisha akachukua peremende moja, akaimenya, akaitia kinywani, na akaninyoshea mkono unaouma.